Chumba cha Mzee Kwenye Banda la Lori

Projestus alikuwa mtu wa kujinyima hadi unamwonea huruma, halafu akifungua mdomo huruma yote inakwisha. Alikuwa karani bandarini, Mhaya wa Bukoba, mwenye baiskeli, kofia ya jua na Kiswahili cha darasani, na kwa miaka michache kabla ya uhuru alikuwa mpangaji wetu pale Keko. Nyumba aliyopanga ilikuwa mali ya marehemu baba yangu, Abdulsamad, na kati yake na yetu palikuwa na ua wa makuti tu. Ndiyo maana nayajua haya. Mengine niliyaona mwenyewe kwenye matundu ya ua. Mengine alinieleza mkewe, Kokuberwa, ambaye alikuwa rika langu, na tulizoea kuchambua mchele pamoja, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukisogoa bila kuonana vizuri.

Upande wa uani kwao lilikuwepo banda la lori. Baba alilijenga wakati biashara yake ya mkaa na magogo ya Kisarawe ilipokuwa inakwenda. Kuta tatu za mawe na chokaa, paa la bati, sakafu ya saruji, na upande wa nne wazi wa kuingizia lori. Lori lenyewe lilikuwa bovu tangu siku ya kununuliwa. Lilivuja oili usiku na mchana, na utingo wake akawa analibadilishia oili humohumo, anayoimwaga haizoi. Lilipokufa kabisa baba akaliuza kwa vipande, likabaki banda na gurudumu moja bovu katikati ya ua. Lakini baba hakukubali kwamba mambo yamekwisha. Kila jioni alikuwa anatuambia lori jingine linakuja, Mungu akipenda, na mama alikuwa anaitikia bila kuinua macho kwenye ushonaji wake.

Habari za ugonjwa wa baba yake Projestus zililetwa na mtu wa kwao aliyeshuka kwenye treni. Mzee Leodegar alikuwa anakohoa tangu mwaka uliopita, na hospitali ya misheni ilikuwa imemshauri aje Dar es Salaam apimwe kifua na kupigwa sindano. Projestus alifurahi kwa sababu baba yake hajawahi kuona alipofika mwanawe. Kisha akaingiwa na hofu. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi, na humo yumo Kokuberwa.

Mimi nilicheka nilipoelezwa tatizo. Kwetu baba mkwe ni baba, unaweza kumkalia miguuni ukampaka mafuta kichwani, na akikutania unamtania. Kokuberwa hakucheka. Alisema kwao mke wa mtu halali chini ya paa moja na baba wa mumewe, hamtazami usoni, hasemi naye, hamgusi. Likitokea, hata kwa bahati mbaya, ni unajisi, na wazee lazima waitwe. Kijijini si tabu kwa sababu mzee ana nyumba yake na mwana ana yake, zote ndani ya migomba. Hapa Keko hiyo nyumba ya pili ingejengwa wapi? Nilimwona yu makini, nikaacha kucheka.

Basi Projestus akaja kwa baba akiwa amevua kofia. Alitaka kuligeuza banda kuwa chumba. Baba alikubali, lakini kwa masharti. La kwanza, sakafu isivunjwe hata inchi moja, maana lori likija litaingia wapi. La pili, asitoboe dirisha upande wa kwetu, kwa kuwa uani kwetu mna wanawake, na mgeni atakuwa mwanamume. Upande wa kwetu ndio uliokuwa unapata upepo. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeegemeana na stoo ya jirani, na ukuta wa tatu ulitazama kichochoro. Projestus akasema ahsante, akavaa kofia yake akaenda zake. Kwa mtu mwingine yeyote baba angekubali mashauri, lakini Projestus hakuwa mtu wa kubembeleza, na baba hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Mshahara wa karani haukuwa wa kuchezea, kwa hiyo kazi karibu yote aliifanya mwenyewe, jioni akitoka kazini na Jumapili akitoka kanisani. Bandarini alipata makasha ya chai yaliyovunjika, akayabeba kwa baiskeli moja moja. Misumari aliing'oa akainyosha juu ya jiwe, ko ko ko, hadi sisi tukawa tunalala na sauti hiyo masikioni. Madebe ya mafuta ya taa aliyapasua na kuyabamiza, akazibia matundu ya bati. Upande uliokuwa wazi aliusimamishia fito akaukandika kwa udongo mwekundu, kisha chokaa. Kwa mlango, fremu na kitanda alimwita fundi Shomari wa hapohapo Keko, na mlango wenyewe ulitoka kwenye nyumba iliyobomolewa Magomeni. Dirisha likawa kitundu cha kupitisha paka, juu kabisa, upande wa kichochoro, kwa sababu alikuwa anaogopa wezi na mbao zilikuwa zimekwisha.

Ikabaki sakafu. Aliikwangua kwa panga, akaiosha kwa magadi na majivu, akamwaga mchanga, akafagia, akamwaga tena. Mwisho akaipaka chokaa mara kadhaa ikawa nyeupe. Kokuberwa alisimama mlangoni, akamwambia bado inanuka. Projestus akajibu hiyo ni harufu ya chokaa, itaisha. Shomari naye alitazama, akasema imekuwa safi, akachukua ujira wake akaondoka. Kwa kweli ilionekana safi. Ulikuwa mwezi wa kwanza, mlango ulikuwa bado unaachwa wazi, na hewa ilikuwa inapita.

Kisha Projestus akafanya jambo lililowachekesha watu wa Keko wote. Alikwenda bonde la Mtoni kwa baiskeli na mundu, akarudi na mizigo ya nyasi, akazianika kidogo, akazitandaza sakafuni mle chumbani zikafika kifundo cha mguu. Mwishehe, muuza maji wetu, akawaambia watu karani anafuga ng'ombe. Watoto wakawa wanapita kichochoroni wakilia kama ndama. Kokuberwa akanieleza kwamba kwao nyumba ya heshima hutandikwa nyasi, mgeni anavua viatu anakanyaga ubichi. Nyumba isiyo na nyasi ni kama haina mwenyewe. Ya kwake mwenyewe ya Keko Projestus hajawahi kuitandika, lakini ya mzee ilikuwa lazima. Nilichungulia kwa tundu la ua siku ile nikaona chumba cheupe chenye zulia la kijani, kitanda kipya cha Shomari na msalaba juu yake. Sikucheka. Kilikuwa chumba kizuri.

Mzee Leodegar alifika mwishoni mwa mwezi wa pili, joto limeshika kweli kweli. Alikuwa mrefu, amekonda, kavaa koti juu ya kanzu, na kiko cha tumbaku mkononi kisichowashwa kwa kuwa alikatazwa. Alileta kahawa ya kutafuna, zile buni zilizopikwa na majani na kukaushwa, zimefungwa kwenye ganda la mgomba. Kokuberwa alipiga magoti mbali, nyuma ya mlango wa nyumba, uso ameufunika kwa khanga, akasalimia ukuta. Mzee akaitikia salamu akitazama kwingine. Halafu mwanawe akamfungulia mlango wa banda.

Mzee alivua viatu. Akakanyaga nyasi mguu mmoja, akasimama, kisha wa pili. Akasema, "Umenitandikia."

Basi. Lakini Projestus alitoka mle ndani akiwa mtu mwingine. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue alimsalimia mama yangu kwa ucheshi, akampa baba konzi ya ile kahawa ya kutafuna. Nadhani neno lile moja alikuwa amelingoja tangu alipoondoka kwao akiwa kijana.

Jioni ileile mzee alimwita mwanawe akamwekea sharti lake. Sikulisikia mwenyewe, lakini Projestus alilirudia mara nyingi baadaye hivi kwamba kila mtu alilijua. Alisema, "Mie nimekuja kutibiwa, sikuja kuzikwa. Ukiniona nimezidiwa nipandishe treni, nikafie kwenye migomba yangu." Kwao mtu huzikwa katika shamba lake mwenyewe, karibu na baba yake na babu yake. Kulala kwenye mchanga wa watu ni kupotea. Projestus akamwahidi.

Daktari wa hospitali kubwa alimpima akasema matibabu yatachukua wiki kadhaa, na kama atakaa mahali pakavu penye hewa atarudi kwao salama. Projestus alisema mahali hapo papo. Akawa anampeleka sindano asubuhi, kisha anakwenda kazini amechelewa, anakatwa mshahara, halalamiki.

Mchana mzee alibaki na mkwewe, na hao wawili wasioruhusiwa kuonana wakatengeneza njia yao. Kokuberwa alikuwa anaweka sinia la chakula juu ya lile gurudumu bovu la lori katikati ya ua, anakohoa, anarudi ndani. Mzee anatoka, anakula, anakohoa, anarudi. Kama kuna neno la kusema, linapitia kwa Tekla, mtoto wao, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutambaa na hajui hata kusema mama. Kokuberwa anasema kwa sauti, "Tekla, muulize babu kama chumvi inatosha." Na kutoka bandani mzee anajibu, "Tekla, mwambie mama yako inatosha." Mtoto yuko chini anakula udongo. Mimi niliyekuwa nimeiona desturi hiyo ni ya kipuuzi nilianza kuipenda.

Nyasi zilikuwa zinabadilishwa na Kokuberwa, wakati mzee na mwanawe wako hospitali. Mara ya kwanza alipokwenda kuzibadilisha hakukuta kitu cha kumshtua, ila harufu. Bati lilikuwa linachoma, chumba kimefungwa, na chini ya chokaa ile oili ya miaka mingi ilikuwa imelainika inapanda. Nyasi za chini zilikuwa zimeloa nyeusi. Mara ya pili ndipo alipoona jambo jingine. Nyasi za juu zilikuwa zimesimama. Hazikulaliwa, hazikukanyagwa, isipokuwa kijia chembamba kutoka mlangoni hadi kwenye sanduku la mzee. Pembeni mwa kitanda, mahali mtu anaposhusha miguu asubuhi, hapakuwa na alama. Shuka ilikuwa imenyooka vilevile alivyoitandika yeye.

Alimwambia mumewe jioni. Alimwambia mbele ya chakula, kwa upole, kwamba sakafu imetoa oili na anaona kama baba halali mle ndani.

Projestus aliacha kula. Alimwuliza tangu lini mke wa mtu anachungulia kitanda cha mkwewe. Hakupiga kelele, alisema polepole, kama anamsomea karani mdogo makosa yake. Mzee mwenyewe kamwambia analalaga vizuri sana. Mzee ni mwepesi, hana uzito wa kulaza nyasi. Na yeye Kokuberwa ashughulike na jiko lake. Kokuberwa aliniambia hayo kesho yake huku akipeta mchele, na mchele ukawa unamwagika. Nilimkasirikia Projestus kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu asiye ndugu yangu.

Maana mimi nilikuwa nimeshaona. Ninapoamka kuswali alfajiri hupita uani kuchukua maji, na siku hizo kila alfajiri mzee alikuwa amekaa nje juu ya gurudumu, amejifunika blanketi, kiko baridi mdomoni. Akisikia ndoo yangu alikuwa anainua mkono. Nilimwambia mama, mama akamwambia baba, baba akasema wazee hawana usingizi. Nilimwambia Kokuberwa akamweleze mzee mwenyewe aseme, adai, agombe. Alifanya alichoweza. Aliweka sinia, akamnyanyua Tekla mikononi, akasema kwa sauti hadi kwetu ikasikika, "Tekla, mwambie babu nje kuna umande, alale ndani."

Kisha mzee akajibu, "Tekla, mwambie mama yako babu analala vizuri. Baba yako alitandika mwenyewe."

Hapo ndipo tulipoelewa. Harufu ilikuwa inamkaba kifua, lakini kusema kwamba chumba hakilaliki kungekuwa ni kuzikataa zile nyasi, na kuzikataa ni kumrudishia mwanawe heshima aliyompa. Heri kukaa nje. Alihesabu kwamba sindano zitakwisha kabla ya mvua.

Masika ya mwaka ule yaliwahi. Mvua ya kwanza ilikuja kabla ya kupambazuka, ya ghafla, yenye upepo. Projestus alikuwa ameitwa zamu ya mapema kwa ajili ya meli, ametoka kabla haijaanza, na baba yangu alikuwa msikitini. Nilimsikia Kokuberwa akiita jina langu juu ya ua, mara moja tu. Mimi na mama tukajitupia mabuibui tukazunguka kichochoro, maji yanatufika vifundoni.

Tulipofika Kokuberwa alikuwa amekwisha kumfikia mzee. Mzee alikuwa ameketi ameegemea ukuta wa banda kwa nje, chini ya matone ya bati, na chini yake ametandika konzi chache za nyasi alizozitoa ndani. Mlango wa chumba chake ulikuwa hatua moja kutoka alipokaa. Kokuberwa alikuwa amemshika makwapani anamvuta, khanga imemdondoka, uso wazi kabisa, na hakumpeleka bandani. Alimvusha kizingiti cha nyumba yake mwenyewe akamlaza kwenye kitanda chake na mumewe. Mama yangu akamvua nguo zilizolowa, mimi nikawasha jiko la mkaa. Kokuberwa alikuwa anamsugua miguu kwa mikono miwili huku analia. Alikuwa anamgusa mkwewe.

Mzee alifumbua macho akamwona. Akayafumba, akageuza uso ukutani kwa adabu. Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka anatutazama. Mzee akasema, kwa sauti ndogo, "Tekla. Mwambie mama yako amefanya vizuri. Na asimwambie baba yako. Mzee alilala ndani siku zote."

Alasiri ile akapelekwa hospitali na hakutoka tena. Wiki haikwisha. Projestus alikimbia stesheni kuulizia treni siku ambayo baba yake alikuwa hawezi hata kukalishwa, na aliporudi walikuwa wamemfunika. Kusafirisha maiti hadi Bukoba, kwa reli na meli, ilikuwa jambo la matajiri. Walimzika kwenye makaburi ya Wakristo, katika mchanga, mvua ikinyesha, na shimo lilikuwa linajaa maji wakati padri anasoma. Wanawake hatukwenda, sisi si dini yao, lakini baba alikwenda, na ndiye aliyetusimulia.

Kokuberwa alimwambia mumewe kwamba mzee alitoka kwenda chooni, mvua ikamkuta. Alisema uongo huo mmoja na akaubeba, na ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Kwa maana ikiwa mzee alikuwa na chumba chake kizuri, kwa nini yeye alimwingiza nyumbani mwake? Wahaya wenzao walipokuja kutoa pole, habari zikaenea kwamba marehemu alilala kwenye kitanda cha mkwewe. Bibi mmoja wa kwao hakugusa maji ya Kokuberwa. Projestus mwenyewe alianza kulala ukumbini. Alimwambia mkewe siku moja, na hili nililisikia kwa masikio yangu, "Nilimjengea mzee wangu nyumba yake. Wewe ukamtoa humo ukamtia unajisi, ndiyo akafa."

Mimi nilitamani kuruka ule ua. Nilimwuliza Kokuberwa anavumiliaje, akasema mzee aliomba, na tena mume wake amebakiwa na nini kingine? Ahadi ya treni imeshindikana, kaburi liko mchangani. Amebakiwa na lile neno moja, umenitandikia. Na kweli Projestus alikuwa analila na kulinywa. Kila mtu wa kwao aliyekuja alimfungulia mlango wa banda, akamwonyesha kitanda, msalaba, nyasi zilizokauka zikawa njano, akamsimulia mzee alivyovua viatu. Kisha akafunga kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Alikuwa amekonda, koti la kazini linamning'inia. Nilimchukia na kumhurumia kwa pamoja, na sijui mpaka leo ni lipi lilikuwa kubwa.

Yangeweza kuishia hapo. Lakini msimu wa kahawa ulipokwisha, mama yake Projestus, Bi Demetria, akatuma salamu kwamba anakuja kuliona kaburi. Yeye angeweza kulala ndani na mkwewe bila tatizo lolote, mwanamke kwa mwanamke. Hakutaka. Alisema atalala mahali alipolala mumewe mwisho, kwenye kitanda kilekile, mpaka siku ya kurudi.

Projestus akafufuka. Alinunua chokaa mpya, akapaka kuta. Jua la kaskazi lilikuwa linaanza tena, na siku ya Jumapili alikwenda Mtoni na mundu, akarudi na nyasi mbichi nyuma ya baiskeli. Mwishehe muuza maji safari hii hakutania. Mimi nilikuwa uani nachambua mchele, na Kokuberwa upande wa pili alikuwa ameacha kuchambua. Niliona miguu yake chini ya ua, imesimama. Kisha ikaenda.

Alimkuta mumewe mlangoni mwa banda, mzigo wa nyasi begani. Hakupitisha neno kwa Tekla, ingawa Tekla sasa alikuwa anatembea na alikuwepo palepale. Alizungumza na mume wake uso kwa uso.

"Baba Tekla, mama asilale humo. Baba hakulala humo hata siku moja."

Projestus alibaki na nyasi begani. Akamwuliza anasema nini. Mkewe akamwambia yote, bila kupandisha sauti: gurudumu, blanketi, konzi za nyasi chini ya ukuta, mvua, na mzee alivyomwapisha kupitia kwa mtoto. Alisema anamwomba marehemu msamaha, lakini mama yuko hai.

Mwanamume yule aliuteremsha mzigo taratibu. Akaingia bandani. Kupitia tundu langu nilimwona akipiga magoti kando ya kitanda akazifunua nyasi kavu kwa mikono, safu ya juu, kisha ya chini. Akainua viganja vyake akavitazama, vilikuwa vyeusi hadi vifundoni. Akavinusa. Kisha akaufunga mlango akiwa ndani, na jua lile linawaka juu ya bati, akakaa mle muda mrefu hivi kwamba nikaogopa, nikamwita mama. Alipotoka alikuwa anakohoa, macho mekundu, shati limemgandama mwilini. Hakutufanya sisi wala jirani yeyote kuwa ni watu. Alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la lori la baba yangu akaketi juu yake, mahali pale pale, mikono ile michafu ikining'inia kati ya magoti.

Kokuberwa alibaki amesimama alipokuwa.

Projestus akauliza bila kuinua kichwa, "Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu jioni ile nilipokwambia," akasema mkewe.